Kabla ya Kusaini Mkataba wa Simu Uingereza: Namna ya Kupima Mtandao na Kuitumia Haki ya Siku 14

Watu wanaohamia Uingereza, hasa sisi tuliozoea kununua bando na kubadili laini siku yoyote tunayotaka, huuliza maswali mawili yasiyokwisha. La kwanza ni hili: "Nimesaini mkataba wa miezi 24, lakini chumbani kwangu simu haishiki mtandao, je, naweza kuurudisha?" La pili hufuata papo hapo: "Si kuna siku 14 za kughairi?" Siku hizo 14 zipo kweli, ila hazimhusu kila mtu. Aliyekubali mkataba kwa intaneti au kwa simu anazo, na aliyeusaini ndani ya duka la kampuni, kwa mujibu wa sheria, hana hata moja. Watu wawili wanaweza kuchukua simu ileile, kwa bei ileile, siku ileile, mmoja akatoka bila kudaiwa adhabu na mwingine akabaki analipia huduma asiyoipata kwa miaka miwili.

Mwongozo huu unamhusu mtu wa kawaida anayejinunulia laini au simu kwa matumizi yake mwenyewe. Mikataba ya biashara ina masharti tofauti na haimo humu.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Postikodi, yaani misimbo ya posta ya anwani, za mahali unapotumia simu zaidi: nyumbani, kazini au chuoni, na kwa ndugu unayelala kwake mara kwa mara.
- Simu utakayoitumia, ikiwa imefunguliwa kukubali laini ya kampuni yoyote. Tangu Desemba 2021 kampuni za Uingereza haziruhusiwi kuuza simu zilizofungwa kwenye mtandao wao, lakini simu ya zamani au iliyotoka nchi nyingine inaweza kuwa bado imefungwa.
- Laini ya kulipia kabla ya mtandao unaoufikiria. Kampuni kadhaa huzituma bure kwa posta, nawe unalipia salio au bando tu.
- Barua pepe unayoifungua kila siku, kwa sababu nyaraka za mkataba hutumwa huko na ndizo ushahidi wako.
- Muda wa wiki moja. Mtu anayetaka kumaliza kila kitu Jumamosi moja mchana ndiye anayesaini bila kupima.

Hatua kwa hatua

1. Tambua mtandao halisi ulio nyuma ya jina la kampuni.

Majina ya kampuni za simu ni mengi, lakini mitandao yenye minara yake imekuwa minne: EE, O2, Vodafone na Three. Vodafone na Three ziliungana mwaka 2025 na zinaendelea kuunganisha minara yao. Kampuni nyingine hukodi. Giffgaff, Tesco Mobile na Sky Mobile hutumia minara ya O2. Voxi na Lebara hutumia ya Vodafone. SMARTY na iD Mobile hutumia ya Three. Kwa hiyo, ikiwa jirani yako analalamika kwamba O2 haishiki katika jengo lenu, kuhamia giffgaff hakutakuokoa. Kinyume chake pia ni kweli: laini ya bei nafuu ya kampuni inayokodi inaweza kukuonyesha hali ya minara kabla hujajifunga kwa kampuni kubwa.

Zingatia tofauti moja. Kampuni inayokodi inaweza kukosa huduma za ziada za mwenye minara, hasa kupiga simu kupitia Wi-Fi. Usidhani zimo, ziulize.

2. Angalia ramani ya Ofcom, kisha ya kampuni yenyewe.

Ofcom ndiyo mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini Uingereza, na tovuti yake ina ramani ya mitandao isiyolipiwa. Ingiza postikodi, chagua anwani, halafu linganisha mitandao. Tazama hali ya ndani ya nyumba kando na hali ya nje. Watu wengi huona kwamba nje ni kuzuri, wakaridhika, na hawaendelei kusoma. Rudia kwa kila postikodi uliyoiandaa.

Elewa vilevile ramani inakueleza nini. Sehemu kubwa ya ramani hizi ni makadirio ya kompyuta yanayotokana na mahali pa mnara, nguvu zake na umbo la ardhi. Hazijui kwamba unaishi ghorofa ya chini upande wa nyuma, wala kwamba kuta zako ni za mawe mazito. Nyumba mpya zenye karatasi ya alumini ndani ya kuta kwa ajili ya kuzuia baridi, pamoja na vioo vilivyopakwa madini, huzuia mawimbi kuliko watu wanavyodhani. Ramani ikisema hakuna mtandao, iamini. Ikisema upo, endelea kupima.

3. Hakikisha simu yako inakubaliwa na mtandao huo.

Hatua hii ni muhimu sana kwa aliyekuja na simu kutoka nje. Mitandao ya Uingereza imekuwa ikizima 3G, na EE, Vodafone na Three zilikamilisha kazi hiyo kufikia mwisho wa mwaka 2024. Maana yake ni kwamba simu isiyoweza kupiga kupitia 4G hurudi kwenye 2G, na Three haina 2G yake. Simu inaweza kufungua intaneti vizuri kabisa na bado ikashindwa kupiga, kwa sababu tu muundo wake (modeli) hautambuliwi na mtandao kwa simu za 4G. Piga *#06# ili uone namba ya utambulisho wa simu, angalia muundo kamili katika mipangilio, kisha iulize kampuni kwa maandishi ikiwa muundo huo unakubaliwa kwa kupiga kupitia 4G na kupitia Wi-Fi.

4. Pima kwa laini ya kulipia kabla, mahali penyewe, kwa siku kadhaa.

Kama una nafasi ya kufuata hatua moja tu ya mwongozo huu, fuata hii. Gharama yake ni ya bando la mwezi mmoja, ambayo ni ndogo sana ukilinganisha na miezi 24 ya kukatwa fedha. Fanya hivi:

Weka laini kwenye simu ileile utakayoitumia. Zima Wi-Fi, na uzime pia kupiga kupitia Wi-Fi. Usipofanya hivyo unapima intaneti ya nyumba huku ukidhani unapima mnara. Piga simu halisi ya dakika kadhaa ukiwa kitandani, jikoni, bafuni, na mahali unapokaa kufanya kazi. Mwombe mtu akupigie wewe pia, kwani mtandao dhaifu mara nyingi humpelekea mpigaji ujumbe kwamba hupatikani huku wewe ukiona simu imetulia. Tuma ujumbe mfupi na uangalie kama unafika bila kuchelewa, maana benki nyingi hutuma namba za siri kwa njia hiyo.

Pima saa tofauti. Mnara unaofanya kazi vizuri saa nne asubuhi unaweza kuelemewa jioni, watu wote wanaporudi nyumbani na kufungua video. Hapo utaona vijiti vimejaa lakini ukurasa haufunguki. Tatizo hilo la msongamano halionekani vizuri kwenye ramani, na ndilo linalowachosha watu mijini.

Usitegemee vijiti peke yake, kwa sababu kila mtengenezaji wa simu huvihesabu kwa namna yake. Kwenye simu nyingi za Android, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo kuhusu simu, kisha hali ya laini, na utaona nguvu ya mawimbi kwa namba hasi. Kwa 4G, namba iliyo karibu na -85 ni nzuri, -100 inavumilika, na ikishuka chini ya -115 utarajie simu kukatika. Kwenye iPhone, piga *3001#12345#* ili ufungue ukurasa wa vipimo. Andika namba za kila chumba pamoja na saa. Karatasi hiyo itakufaa ukija kulalamika.

5. Omba muhtasari wa mkataba na uusome kabla ya kukubali.

Tangu Juni 2022 kampuni inapaswa kukupa muhtasari mfupi wa mkataba kabla hujajifunga. Tafuta ndani yake mambo yafuatayo: muda wa mkataba, malipo ya kila mwezi, ada ya kutoka mapema, na kupanda kwa bei. Kwa mikataba iliyosainiwa kuanzia 17 Januari 2025, bei ikipangwa kupanda katikati ya mkataba lazima itajwe mapema kwa pauni na peni, pamoja na tarehe. Kampuni hairuhusiwi tena kuandika kwamba bei itafuata mfumuko wa bei.

Angalia pia kama unasaini mkataba mmoja au miwili. Kampuni nyingi hutenganisha huduma ya mtandao na malipo ya kifaa. Huduma haipaswi kukufunga zaidi ya miezi 24, lakini malipo ya kifaa yanaweza kwenda miezi 36. Ukija kufuta, utalazimika kutaja mikataba yote miwili.

6. Chagua njia ya kusaini kwa makusudi.

Kanuni za mikataba ya walaji za mwaka 2013 zinampa mnunuzi siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, iwapo mkataba ulifanyika kwa mbali, yaani kwa intaneti au kwa simu, au ulifanyika nje ya eneo la biashara, kwa mfano muuzaji alipokuja mlangoni kwako. Dukani haki hiyo haipo. Baadhi ya maduka hukubali kurudishiwa, lakini hiyo ni ahadi yao ya hiari yenye masharti yao, na muuzaji kutamka "ukiona haifai utarudisha" si sawa na kuandikiwa.

Kuna hali za katikati zinazowachanganya watu. Ukinunua na kukamilisha mkataba kwenye tovuti, kisha ukaenda dukani kuchukua kifurushi tu, mkataba wako ni wa mbali na siku 14 unazo. Ukiweka nafasi tu kwenye tovuti, halafu ukasaini na kulipa dukani, mkataba ni wa dukani. Kuongeza muda wa mkataba wa zamani kwa njia ya simu, baada ya kampuni kukupigia na kukushawishi, nako huhesabika kuwa mkataba mpya wa mbali.

Ushauri wangu ni wa wazi: nenda dukani ukaishike simu, uulize maswali yako yote, uwashukuru, urudi nyumbani na usaini kwenye tovuti ya kampuni. Ikiwa lazima usaini dukani, kwa sababu ya utambulisho au lugha, omba sera yao ya kurudisha kwa maandishi kabla ya kutia saini.

7. Hesabu siku zako na uzitumie kupima tena.

Mkataba unaokuja na simu: siku 14 huanza kesho yake baada ya kukipokea kifaa. Mkataba wa laini peke yake: huanza kesho yake baada ya mkataba kufungwa, hata kama laini haijafika. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda, na upime upya kama ulivyofanya katika hatua ya 4.

Katika siku hizo usihamishe namba yako ya zamani. Tumia namba ya muda iliyokuja na laini mpya mpaka utakaporidhika. Watu huhamisha namba siku ya kwanza kwa furaha, kisha wanapofuta mkataba namba inaingia hatarini pamoja nao.

Kitunze kifaa pia. Unaruhusiwa kukikagua kama ambavyo ungekikagua dukani, lakini ukikikwaruza au kukitumia kupita kiasi hicho, kampuni inaweza kupunguza fedha unazorudishiwa.

8. Ukiamua kufuta, futa kwa maandishi.

Sheria haidai maneno maalumu. Inatosha tamko lililo wazi. Hata hivyo tumia barua pepe au fomu ya kampuni ili ubaki na ushahidi. Andika jina lako, namba ya oda, tarehe ya kupokea, na sentensi kama hii: "Ninatumia haki yangu ya kufuta ndani ya siku 14. Ninafuta mkataba wa huduma na mkataba wa kifaa." Andika kwa Kiingereza, bila shaka, na uhifadhi nakala. Kinachohesabika ni siku uliyotuma taarifa, si siku waliyoisoma.

Baada ya hapo una siku 14 nyingine za kurudisha kifaa. Kabla ya kukifunga, ondoa akaunti yako ya Apple au Google na ufute taarifa zako, kwa kuwa simu iliyobaki imefungwa kwa akaunti ya mtu inaweza kukataliwa. Piga picha ya kifurushi, na utunze risiti ya posta yenye namba ya kufuatilia. Kampuni inapaswa kukurudishia fedha ndani ya siku 14 tangu ipokee kifaa au ioneshwe uthibitisho kwamba umekituma. Ikiwa uliomba huduma ianze mara moja, unaweza kutozwa kwa siku ulizotumia, jambo ambalo ni halali.

Makosa ya kuepuka

Kusitisha malipo ya benki kabla ya akaunti kufungwa ndilo kosa baya kuliko yote. Mtu anakasirika, anaingia kwenye programu ya benki na kufuta idhini ya kukatwa fedha. Mkataba unabaki hai, deni linaongezeka, na rekodi yake ya mikopo inaharibika. Rekodi hiyohiyo ndiyo itakayotazamwa atakapotafuta nyumba ya kupanga. Subiri uthibitisho wa kufungwa kwanza. Fedha zikikatwa kimakosa, dhamana ya malipo ya moja kwa moja (Direct Debit Guarantee) inakuwezesha kuidai benki yako izirudishe.

Kosa la pili ni kurudisha simu kwa posta bila kutuma taarifa yoyote ya kufuta. Kurudisha kifaa peke yake hakuhesabiki kuwa tamko la kufuta.

Ukikwama

*Nilisaini dukani na mtandao haupo nyumbani.* Uliza kwanza kama kampuni ina dhamana yake ya kuridhika na mtandao, na masharti yake ni yapi. Jaribu kuwasha kupiga kupitia Wi-Fi. Ikishindikana, fungua malalamiko rasmi ukiambatanisha vipimo vyako na picha ya ramani waliyokuonyesha. Kama walikuhakikishia kwamba anwani yako ina mtandao mzuri ndani, sema hivyo, kwa sababu maelezo ya uongo yaliyokufanya usaini ni hoja yenye nguvu kuliko ubovu wa mtandao peke yake.

*Simu yenyewe ni mbovu.* Hilo ni jambo jingine kabisa. Sheria ya haki za mlaji ya 2015 inakupa siku 30 za kukikataa kifaa kibovu na kurudishiwa fedha, hata kama ulinunua dukani.

*Siku 14 zimepita.* Kagua nyaraka zako. Ikiwa mkataba ulikuwa wa mbali na kampuni haikukueleza haki ya kufuta, muda huo unaweza kurefuka hadi miezi 12 zaidi. Ikiwa ilikueleza, tuma neno INFO kwenda 85075 bila malipo ili ujue ada ya kutoka leo ni kiasi gani, uamue kama kulipa ni nafuu kuliko kubaki.

*Kampuni imebadilisha masharti katikati.* Mabadiliko yasiyokunufaisha, ambayo hayakuwemo katika mkataba, yanapaswa kutangazwa walau mwezi mmoja kabla, nawe upewe nafasi ya kutoka bila adhabu. Soma barua zao. Nafasi hiyo ina tarehe ya mwisho.

*Nilikwisha kuhamisha namba, sasa nataka kufuta.* Katika taarifa yako ya kufuta, omba msimbo wa PAC, yaani msimbo wa kuhamishia namba yako kampuni nyingine, na uwaambie wasifunge laini mpaka namba ihame. Taka wathibitishe kwa maandishi kwamba hakuna ada ya kutoka, kwa kuwa uko ndani ya siku 14. Kwa kawaida msimbo huo hupatikana kwa kutuma neno PAC kwenda 65075, na hudumu siku 30. Asiyehitaji kubaki na namba hutuma STAC kwenda 75075.

*Wamekataa malalamiko yangu.* Waombe barua inayosema kwamba mmefikia mwisho bila kuafikiana. Ukishaipata, au muda uliowekwa ukipita bila suluhu, peleka shauri bure kwa msuluhishi huru ambaye kampuni yako imejiunga naye, ama Communications Ombudsman ama CISAS. Muda huo ulikuwa wiki 8, na Ofcom iliamua upunguzwe kuwa wiki 6 kuanzia Aprili 2026. Ofcom yenyewe haiamui shauri la mtu mmoja mmoja, kwa hiyo usipoteze wiki zako ukingoja jibu kutoka kwao. Uamuzi wa msuluhishi ukiukubali unaifunga kampuni. Ukiukataa, bado unaweza kwenda mahakamani.